Nataka kupima maabara dawa za minyoo za bibi yangu (Pemba), nianzie wapi?

Bint_Kangagani

Assalaam alaykum jamani. Mie mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nnasoma sayansi huku Unguja ila kwetu Pemba, na pendekezo la utafiti nnatakiwa nilifikishe kwa msimamizi wangu karibuni hivi. Kitu ninachotaka kukifanya nshakijua, nisichokijua ni vipi kifanywe mpaka kisimame.

Bibi yangu mzaa mama anatoa dawa za minyoo tokea sijazaliwa, watu wanatoka mpaka Micheweni wanamfuata na hachukui zaidi ya sadaka. Dawa zake ninazozijua mie ni tatu. Mbegu za papai, hizi anazitwanga mbichi akazichanganya na asali. Majani ya mwarubaini, anayaroweka usiku kucha asubuhi unapewa ukiwa hujala kitu. Na gome la mkomamanga, hili analichemsha mpaka maji yanakuwa meusi meusi. Kuna na mzizi mwengine kwa watoto wanaokojoa damu, huo sitoutaja hapa kwa sababu mwenyewe hajanipa ruhusa.

Nnataka nizipime kweli, si kwa kumsifu wala kwa kumvunjia heshima, nnataka kujua. Sasa maswali yangu nisameheni yamechanganyika. Roho yangu iko kwenye kichocho maana kwetu tunalima mpunga mabondeni na watoto wanaoga vijitoni, lakini nnaambiwa kichocho hakipimiki kirahisi, ni kweli? Halafu msimamizi anasema nikamulie kwa methanoli, ile spiriti ya maabara, ndo kawaida, mie nnajiuliza bibi hajaiona methanoli maishani mwake, nkipima ya methanoli ntakuwa nimepima dawa yake au dawa nyengine? Na kuna mwenzetu alietangulia, alichukua nyungunyungu akawatia kwenye visahani na maji ya mwarubaini, wakafa wote, akaandika dawa inaua minyoo akapasi. Inatosha vile? Bajeti yangu ndogo, hadubini ipo chuoni, panya wa maabara hamna.

Na jengine, shangazi yangu keshaanza kusema nkishapata majibu tutie kwenye chupa tukauze sokoni Darajani. Nnaogopa.

FundiHadubini

Waalaykum salaam mdogo wangu. Suali lako la methanoli ndo suali zuri kuliko yote hapo na usikubali mtu akulinyamazishe, ntalirudia.

Kwanza nyungunyungu. Achana nae. Nyungunyungu anaishi udongoni, anavuta pumzi kwa ngozi yake yote, ukimtilia chumvi anakufa, maji ya ndimu anakufa, sabuni anakufa, sasa jaribio ambalo kila kitu kinashinda litakwambia nini? Mnyoo wa tumboni umeumbwa kukaa ndani ya asidi na vimeng'enya vya mtu na una ngozi ya kujikinga na hayo hayo. Jaribio unalolitaka wewe ni lile linaloweza kukwambia HAPANA. Likiwa haliwezi kusema hapana basi hata likisema ndio halina maana, na kwa maoni yangu utafiti mwingi wa miti shamba unaofanywa vyuoni unaharibikia hapo hapo, si kwenye vifaa.

Kichocho nacho ulichoambiwa ni kweli. Kichocho chetu cha Unguja na Pemba ni cha mkojo, Schistosoma haematobium, minyoo yenyewe inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, si tumboni, kwahivo huwezi kuipata mpaka uwe na wanyama wa maabara ulioambukiza wewe mwenyewe, na huyu wa mkojo ni mgumu kufuga maabara kuliko mwenzake wa matumbo. Njia nyengine ni kuchukua vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono wa maji anaevibeba ukavigeuza kuwa minyoo michanga kwenye kisahani, inafanyika, lakini vijidudu hivo vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache na mie simshauri mwanafunzi wa digrii ya kwanza avichezee bila ya maabara iliyozoea kazi hio.

Kinachokufaa wewe ni mbuzi. Kuna mnyoo anaitwa Haemonchus contortus, anakaa tumbo la nne la mbuzi na kondoo ananyonya damu, na ukoo wake si mbali na safura ya binaadamu. Mayai yake unayapata kwenye mavi ya mbuzi, unayachuja kwa vichujio halafu unayaelesha kwa maji ya chumvi, unayaosha, unatia kama mayai mia kila kishimo cha kisahani, unatia dawa yako kwa viwango tofauti, unaacha masaa 48 kwenye joto la digrii 25 mpaka 27, unatia tone la iodini kusimamisha kila kitu halafu unahesabu mangapi yameanguliwa na mangapi hayakuanguliwa. Hesabu tu na hadubini ya kawaida. Sharti moja kubwa, mayai uyatumie ndani ya masaa matatu tokea yatoke kwa mbuzi, yakishaanza kukua ndani hayaiskii tena albendazo, ile dawa ya minyoo ya hospitali, vile vile na kipimo chako kitakuwa kimeharibika hujaanza.

Vishimo vya kulinganisha usivifanyie ubakhili. Uwe na vishimo vya maji matupu. Uwe na vishimo vya kile ulichoyeyushia dawa, kama ni DMSO (kimiminika cha kuyeyushia dawa) isizidi asilimia 1 na iwe kiasi kile kile kwenye kila kishimo. Na uwe na vishimo vya albendazo, hii ndo shahidi wako kwamba mayai yanaweza kuzuiliwa. Kila kiwango vishimo vitatu, na jaribio zima ulirudie siku nyengine na mbuzi wengine. Ukitaka kujaribu na minyoo mikubwa inayotembea, machinjioni wanakupa tumbo ukiwaomba vizuri, lakini hapo usitumie albendazo kulinganishia kwa sababu inafanya kazi polepole, inakula nguzo za ndani ya seli, tumia levamisole inayopoozesha mara moja. Na minyoo mikubwa ikishatolewa kwa mbuzi inakufa yenyewe tu baada ya muda, watu wengi wanaandika dawa imeua baada ya masaa 24 na ukiangalia ile ya maji matupu nayo imekufa.

Sasa methanoli. Dada, soma khabari za Tu Youyou wa China. Walikuwa wanatafuta dawa ya malaria kwenye miti ya zamani, wakapata mmea wa Artemisia annua, mara unafanya kazi kwenye panya mara haufanyi. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akaona pale hawakuambiwa wachemshe, wameambiwa waroweke kwenye maji, wakamue, wanywe. Akafahamu kumbe moto ndo unaoharibu. Akakamulia kwa etha kwenye joto dogo, na mwaka 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vimelea vyote kwenye panya na nyani. Ndo artemisinini hio, ndo dawa mseto tunazopewa hapa Zanzibar tokea 2003, na yeye akapata Nobel 2015. Kwahivo bibi akikwambia hii twanga mbichi, hii roweka, hii chemsha, usione ni mazoea tu. Mbegu za papai hasa, kile kitu kikali kinachosadikiwa kuua minyoo, benzili isothiosianati, hakikai tayari ndani ya mbegu, kinatengenezwa pale mbegu inapopondwa, kimeng'enya kinakutana na chakula chake. Ukichemsha mbegu nzima nzima kimeng'enya kinakufa na dawa haitengenezwi. Fanya zote mbili, moja ya bibi vile vile anavofanya yeye, moja ya methanoli ya msimamizi, uziweke bega kwa bega. Hapo una utafiti.

Nesi_wa_Zamu

Mie sina la maabara nna la wodini, nisikilizeni.

Binti, hilo la shangazi uliogope kweli na umwambie mapema kabla hajachapisha lebo. Mafuta ya mwarubaini yameshaua watoto wachanga, kuna ripoti za Malaysia za miaka ya themanini mwanzo, walipewa mafuta kwa mdomo kama dawa ndogo ya nyumbani wakatapika, wakapata degedege, wengine hawakupona. Majani ya kuroweka si sawa na mafuta ya mbegu nnajua, lakini mtu akishanunua chupa imeandikwa mwarubaini hatofautishi. Na gome la mkomamanga lina nguvu ya kweli, zamani Ulaya walikuwa wanatolea tegu kwa gome hilo, lakini likizidi kidogo mtu anapata kizunguzungu na macho yanafifia. Bibi anajua kiasi kwa mkono wake, chupa haina mkono wa bibi.

La pili, hao watoto wanaokojoa damu. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ipo, inatolewa bure na vipimo vyake vinajulikana, miligramu 40 kwa kila kilo ya mtoto. Utafiti wako ukiendelea au usiendelee usiache mtoto hata mmoja asubiri mzizi. Damu kwenye mkojo ikiachwa miaka inaharibu kibofu mpaka saratani. Mpelekeni kituo cha afya, na bibi mwenyewe muombeni awe anawaambia, watu wanamsikiliza yeye kuliko wanavotusikiliza sisi, na wazee wengi nliofanya nao kazi hawakatai wakiombwa kwa heshima.

MjukuuWaMganga

Nimefurahi sana kuona hujautaja ule mzizi. Babu yangu alikuwa na kazi hio hio, wakaja watu na madaftari, wakaandika kila kitu wakaondoka, hata karatasi waliyoiandika hatujaiona mpaka leo na babu keshafariki. Kwahivo la kwanza kabla ya methanoli na kabla ya mbuzi ni kukaa na bibi ukamueleza kwa lugha yake unataka kufanya nini, majibu yataandikwa wapi, na yakiwa mabaya je. Akikubali andika makubaliano, jina lake liwemo akitaka na lisiwemo asipotaka.

La pili ni mti wenyewe. Usiseme tu mwarubaini, kata tawi lenye majani na maua au matunda, likaushe kwenye magazeti, libandike, andika tarehe na shamba ulilolitoa, lihifadhiwe pahala pa mimea mikavu panapojulikana, chuo kikuu cha Dar wanapo, ili miaka ishirini mbele mtu akibisha kuna tawi la kuonesha. Kwetu jina moja mara nyengine linabeba miti miwili tafauti ukitoka Wete kwenda Mkoani, na kwa ule mzizi hapo ndo usifanye mchezo hata kidogo.

Na andika bibi anachuma lini. Babu alikuwa hachumi majani baada ya mvua kubwa, anasema dawa imeoshwa. Mie sijui kisayansi ikoje lakini nguvu ya jani kweli inabadilika kwa msimu na kwa umri wa jani, ukichuma siku moja Kangagani na siku nyengine ukanunua sokoni halafu majibu yakatafautiana hutojua kosa liko wapi. Gome nalo toa upande mmoja tu wa mti, usiuzungushe kisu, mti ukizungushwa unakufa na bibi hatokusamehe.

Bint_Kangagani

Ahsanteni sana wallahi nimesoma mara mbili mbili. Nimempigia simu bibi jana usiku. Amekubali zile tatu, mzizi amesema tutaongea nkirudi. Nimemuuliza kuhusu mbegu akanijibu hapo hapo bila ya kufikiri kwamba zikitwangwa lazima zitumike ule ule wakati, zikilala zinapoa, na akasema ukitwanga vizuri zinakupiga puani kama haradali. FundiHadubini nimekukumbuka!

Sasa nnaomba mnisaidie kitu kimoja kinanitia hofu. Ikiwa maabara itasema hazifanyi kitu, je hio ndo maana yake bibi alikuwa anawapa watu maji tu miaka yote hii? Na kinyume chake, ikisema zinafanya, nnaweza kusema zinatibu?

Konokono_Mwani

Naomba nipite na mie kwa upande wa kichocho maana naona umekiacha kwa huzuni. Si lazima upige mnyoo, unaweza kupiga konokono. Kichocho chetu kinabebwa na konokono mdogo wa maji baridi, Bulinus globosus, bila yeye mnyoo hafiki kwa mtu. Mwaka 1964 huko Adwa Ethiopia kijana mmoja daktari, Aklilu Lemma, aliona chini ya pahala wanawake wanapofulia nguo mtoni konokono wengi wamekufa wanaelea, juu ya pale wazima. Walikuwa wanafulia kwa matunda ya mti wanaouita endod, Phytolacca dodecandra, yana povu kama sabuni. Kutokana na hapo akafanya kazi ya maisha yake yote, yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes wakapewa tunzo ya Right Livelihood 1989. Aliona kwa macho pale pale mtoni na akapima baadae.

Jaribio lenyewe ni rahisi, konokono kumi kumi kwenye maji yenye dawa masaa 24, unawaosha unawatia maji safi siku nyengine moja unahesabu waliokufa. Shirika la afya duniani kwa dawa ghafi ya mmea linataka angalau iue asilimia 90 chini ya miligramu 100 kwa lita, linganisha na niklosamaidi, dawa ya dukani ya konokono, inayoua kwenye miligramu 1 hivi. Lakini tahadhari mbili. Konokono wa kuokota mtoni anaweza kuwa ana kichocho ndani, vaa glavu na usiguse maji yake, bora ukapate waliofugwa, maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi wamefanya kazi ya kichocho miaka mingi waulize. Na kinachoua konokono mara nyingi kinaua na samaki, endod yenyewe inaua samaki, kwahivo tia na samaki wadogo kwenye jaribio au usiseme kabisa kwamba inafaa kumwagwa mtoni.

FundiHadubini

Hilo la konokono zuri ila asichukue yote mawili, muda hautomtosha. Mie ningebaki na mayai ya mbuzi.

Bint, kuhusu hofu yako. Maabara ikisema hapana, imesema hapana kwa kitu kilichokamuliwa vile, kwa mnyoo ule, kwa kiwango kile. Haijasema kitu juu ya bibi. Papai kwa mfano, utomvu wake una vimeng'enya vinavyomeng'enya ngozi ya mnyoo mkubwa, yai lina ganda jengine kabisa, kwahivo dawa inaweza kushindwa na yai ikamuweza mnyoo. Andika hivo hivo.

Maabara ikisema ndio, hapo ndo pa hatari zaidi. Mwarubaini una kitu kinaitwa geduni, kwenye kisahani kinaua vimelea vya malaria vizuri sana, kwenye panya kikawa hafifu, tumbo na ini vinakibadilisha kabla hakijafika. Na gome la mkomamanga limejaa tanini, tanini inakamata protini yoyote inayokutana nayo, mayai yako yatakwama na utafurahi bure. Kuna unga wa kuondoa tanini, PVPP, pitisha dawa yako humo halafu upime tena, nguvu ikitoweka basi ilikuwa tanini tu na tanini tunakunywa kwenye chai kila siku. Tena pima inadhuru kiasi gani seli za kawaida, hata kama ni chembe nyekundu za damu tu uone zinapasuka au hazipasuki, dawa inayoua yai na damu kwa kiwango kimoja ni sumu.

Baina ya kisahani na kutibu kuna watu, na watu wana mitihani yao. Nigeria walifanya jaribio dogo, watoto 60, nusu wakapewa mbegu za papai zilizokaushwa na asali, nusu asali tupu, waliopewa mbegu wengi zaidi walisafika choo. Unaona wametia na asali tupu, maana yake asali nayo inaweza kusema kitu. Na hapa hapa Pemba kwenye jaribio la emodepside la minyoo mjeledi, dawa iliyotokana na kuvu linalokaa kwenye majani ya kamelia huko Japan, waliopewa kidonge kisicho na dawa kama mmoja katika kumi alionekana hana mayai baadae. Bila ya kundi lile ungesema kidonge kitupu kinatibu. Na minyoo mjeledi ndo pahala ambapo dawa mpya inatakiwa kweli, kwenye jaribio jengine la Pemba la wanafunzi wa skuli albendazo peke yake ilisafisha asilimia 2.6 tu ya watoto wenye minyoo hio, ikiongezwa oxantel, dawa nyengine ya minyoo, ikafika 31.2. Kwahivo ukiulizwa kwanini unahangaika na miti wakati vidonge vipo, jibu lako hilo. Lakini kazi ya watu ni lazima ipite kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, na si kazi ya digrii ya kwanza.

Bint_Kangagani

Basi nimeamua, mayai ya mbuzi, dawa tatu, kila moja kwa njia ya bibi na kwa methanoli, albendazo ya kulinganishia, PVPP kwa mkomamanga, na chembe za damu kwa usalama. Shangazi nimemwambia hakuna chupa, amenuna lakini amefahamu. Wadogo zangu mama anawapeleka kituoni wiki hii wakapimwe mkojo.

Kilichobaki ni hayo masaa matatu. Mbuzi wa jirani wako Kangagani, hadubini iko Unguja, boti peke yake inakula muda wote.

FundiHadubini

Usisafirishe mavi, tafuta mbuzi karibu na hadubini. Wafugaji wapo Unguja pia, ongea na dakta wa mifugo wa wilaya akuoneshe mbuzi ambao hawajapewa dawa ya minyoo miezi ya karibuni, hilo lazima uliulize, wakishapewa hupati yai. Chukua mavi moja kwa moja kwa mbuzi, usiokote chini, na siku hio kila kitu kiwe tayari mezani, maji ya chumvi, vichujio, visahani vimeshaandikwa. Mbegu za papai zitwange mayai yakiwa yameshaoshwa, si kabla. Na ukishapata mfugaji niandikie hapa hapa ntakupa vipimo vya vichujio.